Neno Lililoandikwa kwenye Kadi ya Salima

Siku ya Alhamisi, tarehe 9 Juni 1994, mbele ya wanawake wapatao arobaini waliokaa kwenye mabenchi ya zahanati moja katika kata ya Dimani, mtumishi wa Serikali aliandika kwa kalamu ya bluu, juu ya kadi ya mtoto wa miezi minne, kwamba mama wa mtoto huyo ni mzinzi. Mtumishi mwenyewe hakujua kwamba ndivyo alivyoandika. Nalaumu kutojua huko, na nawalaumu zaidi wale waliomleta kazini bila kumfundisha neno moja ambalo hapa kwetu hata mtoto wa darasa la pili analijua.

Mama huyo ni Mwanabaraka Mwinyimvua. Alizaliwa Ngorongo, katika mashamba ya mpunga ya bonde la Rufiji, akasoma hadi darasa la saba, akaolewa Dimani na Shaban, mtoto wa pekee wa Bi Siti. Hakuwa mtu wa kutajwa mikutanoni. Alilima muhogo, aliokota korosho, alisuka mikeka ambayo watu wa Kibiti waliitambua kwa pindo lake. Mimba yake ya kwanza ilipofika mwezi wa saba, mumewe aliaga na kwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, huko delta kwenye mikoko. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa. Magari yenye barafu yalikuja kutoka Dar es Salaam kutafuta kamba, na kila mwanamume mwenye mikono miwili alijiona anachelewa. Shaban aliahidi kurudi mtoto atakapokaa. Salamu zake zilipitia dukani kwa Muhidini, rafiki yake wa tangu jando, ambaye duka lake lilikuwa njia ya kila anayekwenda na kutoka delta.

Salima alizaliwa mwanzoni mwa Februari, siku chache kabla ya mfungo. Alinyonya siku ile ile. Mwanabaraka hakuwa amefundishwa na mtu. Alisema mtoto mwenyewe ndiye aliyejua, yeye alimfuata tu. Miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa ya furaha ambayo hadi leo anaisimulia polepole, kama mtu anayekunjua nguo ya marehemu. Mtoto alikaza shingo mapema. Alifuata kwa macho kuku aliyekatiza uani. Akisikia sauti ya mama yake nyuma yake, aligeuza kichwa chote kumtafuta, na akimwona alicheka kwa miguu kabla ya mdomo. Alishika pindo la kanga wakati wa kunyonya na hakuliachia hata usingizi ulipomchukua. Bi Siti alijivunia mjukuu huyo kwa majirani, akisema mkwewe ana maziwa ya baraka kama jina lake.

Hayo yote ni ushahidi wa afya. Siku ile ya Juni hakuna aliyeuliza hata moja kati yake.

Nesi wa zahanati alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu aitwaye Elinipendo, kutoka milima ya Upare, mwenye bidii na adabu, aliyefika kwetu mwezi wa Aprili. Alimtia Salima katika kaptula ya turubai, akamning'iniza kwenye mzani, akasoma, kisha akatazama kadi.

"Mwezi uliopita kilo tano na robo," alisema kwa sauti ya kufika benchi la mwisho. "Leo nne na robo tatu. Mama, mtoto huyu umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu, nesi. Ananyonya vizuri. Analowesha nguo mpaka nakosa ya kumbadili."

Kutoka mabenchini ikatoka sauti ya mwanamke: "Kabemendwa huyo."

Wengine waliguna. Mmoja akaongeza kwamba baba yuko dago anavua kamba, kumbe na nchi kavu wavuvi wapo. Wakacheka.

Kwa msomaji wa bara neno hilo lahitaji maelezo. Hapa pwani yaaminika kwamba mzazi akienda nje ya ndoa wakati mtoto bado yuko ziwani, maziwa huchafuka na mtoto hukonda hadi kufa. Mtoto wa namna hiyo husemwa amebemendwa. Basi ambaye mumewe yuko mbali, na mtoto wake akasemwa hivyo, hahitaji shahidi wala kadhi. Amekwisha kuhukumiwa.

Elinipendo hakulijua neno hilo. Alimwuliza mwanamke wa karibu maana yake. Mwanamke yule aliona haya kumweleza binti mgeni, asiyeolewa, mambo ya chumbani, akafunika mdomo kwa kanga na kusema, "Ndiyo hivyo, nesi. Mtoto anakonda, anakonda." Nesi akaitikia kwa kichwa. Alidhani amejifunza jina la wenyeji la utapiamlo. Chuoni alikuwa ameagizwa atumie lugha ambayo akina mama wataielewa, na yeye alikuwa mwanafunzi mtiifu. Akainama, akaandika kwa mwandiko mzuri: *Mtoto amebemendwa. Aongezewe maziwa ya kopo.* Kisha akagonga muhuri wa zahanati.

Mwanabaraka aliyasoma maneno hayo akiwa bado amesimama. Anasema hakulia. Alimfunga mtoto mgongoni na kutoka, na watu wakampisha njia kwa upana kuliko ilivyohitajika.

Nyumbani Bi Siti alikuwa akimenya muhogo. Hakujua kusoma, na kila mwezi mkwewe alimsomea kadi. Siku hiyo alinyoosha mkono, akaiona ile mistari mipya ya kalamu na muhuri, akamrudishia.

"Nisomee."

Angeweza kumdanganya. Nilipata kumwuliza kwa nini hakumdanganya, akanijibu kwamba hakuwa na kosa, na asiye na kosa hana haja ya kuruka neno. Akasoma lote.

Bi Siti aliweka kisu chini. "Umetoka na nani?"

"Mama, tangu Shaban aondoke sijamjua mwanamume."

"Mimi nimekaa kimya, mwanangu. Serikali ndiyo iliyosema."

Nataka wenye dhamana waisikie sentensi hiyo vizuri. Mwanamke huyu mzee aliamini mila yake, naam, lakini siku zote alikuwa akimtetea mkwewe dhidi ya midomo ya majirani. Kilichomshinda ni muhuri. Aliona kwamba hata wale wanaokuja na sindano na daftari, ambao huzicheka dawa zake za mizizi, safari hii wamekubaliana na wahenga wake. Angewezaje kubisha?

Kuanzia siku hiyo Salima alikatazwa ziwa la mama yake. Bi Siti hakufanya hivyo kwa ukatili. Alimpenda mtoto huyo kuliko roho yake. Aliuza kuku wake wote na kutembea hadi Kibiti kununua kopo la maziwa. Maduka ya Kibiti wakati huo yalikuwa yamejaa vitu ambavyo miaka kumi nyuma hatukuviona: makopo yenye picha ya mtoto mnene mweupe, na maelezo katika lugha ambayo hakuna mtu nyumbani mwao aliyeisoma. Kopo la siku chache likalazimishwa kufika mwezi. Maji yalikuwa ya kisima cha kiangazi, ambacho kufikia Julai hutoa tope. Chupa ilikuwa moja, nayo ilisuuzwa kwa maji yale yale.

Mwanabaraka alifungwa kifua kwa kitambaa ili maziwa yakauke. Kila mtoto alipolia, yalichuruzika yenyewe na kulowesha kanga, na yeye alikaa akiyatazama. Siku za mwanzo aliamini kwamba ni dhuluma. Lakini mtu akiambiwa jambo asubuhi na jioni, na watu wote, na karatasi pia, moyo huanza kujikagua. Akaanza kukumbuka. Je, siku ile alipopokea salamu dukani, hakucheka na Muhidini? Je, kucheka nako hakuchafui? Wiki ya tatu, Bi Siti alipokuwa shambani, alifungua kitambaa akampa mtoto ziwa kwa siri. Salima alivuta, akavuta, akaachia, akalia kwa hasira. Maziwa yalikuwa yamekwisha. Aliniambia hivi:

"Hapo ndipo nilipoamini. Nilisema, kweli, mtoto mwenyewe amenikataa."

Hakuna aliyemwambia kwamba ziwa hujaa kwa kunyonywa na hukauka kwa kuachwa. Jambo hilo dogo, ambalo kila mkunga anapaswa kulitamka hata akiwa nusu usingizi, halikufika masikioni mwake.

Bi Siti alimpa kadi msafiri aliyekuwa akienda delta. Katikati ya Julai ilirudi ikiwa imebanwa pamoja na ukurasa wa daftari. Shaban aliandika mistari minne tu. Alisema ameona kwa macho yake maandishi ya Serikali, na kwamba anamwacha mkewe talaka moja. Mtoto abaki kwa bibi yake hadi apone. Bi Siti alimruhusu mkwewe kukaa eda katika chumba cha nyuma. Kwa hiyo Mwanabaraka aliishi nyumba moja na mwanawe, akimsikia.

Alichokisikia ni kwamba mtoto alikuwa akirudi nyuma. Sauti zile za kuimba peke yake asubuhi zilikoma. Shingo iliyokuwa imekaza ikaanza kulegea. Kuku alikatiza uani na macho hayakumfuata. Bi Siti aliyaona hayo pia, na kwake yalikuwa uthibitisho: sumu ya maziwa bado imo mwilini, basi anyweshwe maziwa ya kopo zaidi ipate kutoka. Zahanati hawakurudi tena, kwa aibu. Na zahanati haikutuma mtu kuuliza kwa nini mtoto aliyeandikwa kukonda haonekani.

Mwishoni mwa Agosti Salima alianza kuharisha. Siku ya pili macho yaliingia ndani na utosi ukabonyea. Muhidini alisikia, akaleta baiskeli yake hadi kizingitini na kusema, "Shemeji, panda nikukimbize Kibiti." Majirani walikuwa wametoka nje kutazama. Mwanabaraka aliiangalia ile baiskeli. Kupanda kwake kungekuwa kukiri. Muhidini akamsihi aichukue basi bila yeye, lakini hakujua kuiendesha na mtoto mgongoni. Akajifunga mbeleko, akaenda kwa miguu, Bi Siti nyuma yake, karibu saa nne za jua. Walipofika kituo cha afya walipokewa vizuri, na maji yakatundikwa mara moja. Salima alikufa siku iliyofuata kabla ya adhuhuri, akiwa na miezi sita na siku kadhaa. Mganga aliyempokea alimwambia mama maneno ambayo hakuyaelewa wakati huo: kwamba laiti angalikuwa ananyonya, pengine angalistahimili.

Hadithi ingekuwa imekwisha hapo, kama zinavyokwisha nyingi ambazo hatuziandiki. Baada ya arobaini, mwanamke mmoja aitwaye Mwanajuma alikuja kutoa pole. Ndiye aliyetamka lile neno siku ya kliniki. Alikaa mkekani muda mrefu bila kunywa maji aliyopewa, kisha akatoa kadi ya mwanawe ndani ya doti ya kanga.

"Na wangu alishuka siku ile ile," alisema. "Nilipimwa kabla yako. Nesi hakuwa ameanza kupaza sauti. Niliogopa wataniangalia mimi, nikawaonyesha wewe."

Mwanabaraka alileta kadi ya Salima. Waliziweka pamoja juu ya mkeka. Mei mistari yote miwili inapanda. Juni yote miwili inaanguka. Na mtoto wa Mwanajuma, ambaye mumewe analala nyumbani kila siku, Julai akaanza kupanda tena kutoka pale pale alipoangukia, kama aliyeshushwa ngazi moja na kuendelea na safari. Wakaenda kwa mwenzao wa tatu, na wa nne. Kila mmoja alikuwa amekunja kadi yake na kuificha, akidhani aibu ni yake peke yake. Nesi, kwa upande wake, aliziandika namba zote katika daftari, na mwisho wa mwezi daftari likanakiliwa na nakala kupelekwa wilayani. Ina maana kuna ofisi ambayo ilipokea, kwa mwandiko unaosomeka, habari kwamba watoto wote wa zahanati moja wamekonda kwa pamoja kati ya Mei na Juni. Ofisi hiyo haikuuliza.

Alhamisi iliyofuata ya kliniki, Mwanabaraka alikwenda dukani kwa Muhidini mchana kweupe, mbele ya watu, na kuazima jiwe la mzani la kilo tano. Jiwe hilo lina alama ya wakaguzi wa vipimo, kwa maana Serikali haikubali mkulima apunjwe korosho. Alilifunga katika mbeleko ya Salima, akalibeba mgongoni, akapanga foleni. Zamu yake ilipofika alilitoa na kumwomba nesi alitundike.

Elinipendo alidhani huzuni imemvuruga akili, akamwambia kwa upole, "Mama, pole, njoo ukae." Yeye akabaki amesimama. Nesi akalitundika.

Mzani ulisoma kilo nne na robo.

Nesi alilitoa, akatazama sindano, nayo ilikuwa imetulia nyuma ya sifuri. Hapo akakumbuka. Hadi Mei watoto walipimwa katika beseni la bati, na mzani ulikuwa umewekwa sawa pamoja na uzito wa beseni hilo. Beseni likachukuliwa kwa kazi ya chumba cha kuzalishia, ikaletwa kaptula nyepesi ya turubai, na hakuna aliyekaza ile skrubu ndogo ya juu inayorudisha sindano kwenye sifuri. Robo tatu ya kilo ilikatwa kwa kila mtoto tangu Juni.

Mwanabaraka alihesabu kwa vidole, polepole. "Basi siku ile mwanangu alikuwa kilo tano na nusu."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa ameongezeka."

Nesi alikaa chini. Akamwambia kwamba alidhani kubemendwa ni utapiamlo, na akina mama wa benchi la mbele, ambao siku zote walimwona jasiri, walimsikia akilia. Miezi miwili baadaye alihamishwa. Simtetei, wala simfanyi jalala la makosa ya wakubwa wake. Hakupewa mafunzo ya mzani, hakupewa mkaguzi, hakupewa hata mkunga mmoja wa jadi wa kumweleza watu aliokuja kuwatibu wanaamini nini na wanaogopa nini.

Shaban alirudi mwaka uliofuata, mwembamba, akiwa na aibu ya kutosha watu watatu. Wazee wakawapatanisha na ndoa ikafungwa upya. Watu walimshangaa Mwanabaraka kukubali. Yeye alisema kaburi la mwanawe liko nyuma ya nyumba ile, na hatalihama. Bi Siti hajataja jina la mjukuu wake tangu siku ile ya jiwe. Hupika, hufagia, na chakula kizuri humwekea mkwewe kwanza.

Sasa ni Agosti 1996. Mwanabaraka ana mimba ya miezi minane, na haendi kliniki. Nimekaa naye mara nyingi kumbembeleza. Anajua habari ya skrubu. Yeye ndiye aliyeigundua. Hata hivyo amekwisha kununua makopo mawili, nayo yako juu ya kabati. Nilipomwuliza sababu, alijibu bila hasira:

"Kichwa changu kinajua. Kifua changu hakijui. Siwezi kumpa mtoto kitu ambacho watu arobaini walisikia kuwa ni sumu, na hakuna aliyerudi kuwaambia si sumu."

Tumewaandikia ninyi mnaosimamia afya ya mama na mtoto katika wilaya hii barua mbili. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba mzani umerekebishwa. Tunashukuru kwa skrubu. Lakini lile neno mlilolipiga muhuri bado linatembea vijijini kwa miguu yake, nanyi hamjalifuata. Wanawake watatu ninaowajua kwa majina wamewaachisha watoto ziwa kabla ya wakati, kwa hoja kwamba hata zahanati inakubali kuna kubemendwa. Hao nao wana maduka ya Kibiti yakiwangoja.

Kwa hiyo nawadai, tena kwa haraka, kwa kuwa mwezi mmoja hauna siku nyingi. Njooni Dimani kabla Mwanabaraka hajajifungua. Msitume waraka; njooni wenyewe, siku ya kliniki, wanawake wakiwa wamejaa. Semeni kwa sauti ile ile iliyomhukumu kwamba Salima binti Shaban alikuwa na kilo tano na nusu, kwamba maziwa ya mama yake yalikuwa mazima na yanamtosha, kwamba neno lile liliandikwa kwa kosa lenu, na kwamba mtoto alikufa kwa kunyimwa maziwa hayo. Kisha aketi mkunga mmoja pembeni mwa mama huyu, awe naye tangu saa ya kwanza ya mtoto ajaye, amwonyeshe tena kwa mikono kile alichokuwa akikijua bila kufundishwa kabla hamjamnyang'anya.